Kolone za dunia na kolone za nyumbani: tusizichanganye, na tusizitupe

Andika neno moja tu, "Miti", ndani ya kolone ya ordinatere, kisha uulize watu wane ni nini. Mwenye kutoka Dar es Salaam atakuambia: ni miti, ile ya kupasua mbao. Dereva wa taxi-bus ya Bukavu atasema: ni pale kwenye barabara inagawanyika, mukono moja Kavumu, mukono mwingine Tshivanga na Bunyakiri. Mutu wa buro ya chefferie ya Kabare atasema: ni groupement. Muganga atasema: ni zone ya afya, Miti-Murhesa, yenye kufika mbali kupita ile centre tunajua. Wote wane wanasema kweli. Lakini mashini haiwezi kuchagua, na mutu mwenye kusoma ile fishe akiwa Genève ao Nairobi hana namna ya kuuliza.

Wandugu wasomaji, hii neno inaonekana ndogo. Sisi tunasema si ndogo hata kidogo. Kila mwaka, kwenye vilima vyetu, kuko watu wenye wanapima mvua, wanahesabu ngagi, wanachukua damu ya wagonjwa, wanaandika bei ya maharagi. Zile namba zinapanda ndege, zinaingia ndani ya vitabu vikubwa vya dunia, na kisha zinaturudilia zikiwa zimekuwa maamuzi: wapi dawa itatumwa, wapi mupaka wa parke utapita, wapi watasema mvua imepunguka. Kama namba ilitoka hapa bila kujulikana muzuri ni ya nini, maamuzi nayo yatakuja vibaya. Na mwenye kulipa si mwenye ordinatere. Ni mama wa Miti.

Tuanze kwa kuelewana juu ya maneno. Data ni namba: tuseme 14,2. Metadata ni yale maneno yenye kusimama pembeni ya namba na kusema: hizi ni milimeta za mvua, zilipimwa Lwiro, siku fulani, saa fulani, kwa chombo fulani. Kila moja ya yale maneno inaitwa atributi. Namba bila atributi ni sawa mutoto ameokotwa sokoni: yuko muzima, analia, lakini hakuna mwenye anajua ni wa nani.

Sasa, atributi ziko za aina mbili, na hapa ndipo fujo inaanzia. Kuko atributi za kanuni: jina lake limeandikwa ndani ya orodha yenye dunia yote inajua, na maana yake ni moja tu. Na kuko zile tunaita za nyumbani: zile mupimaji mwenyewe amebuni, kwa sababu alikuwa nazo lazima, na zenye yeye peke yake anaelewa. Orodha za kanuni si siri. Watu wa vitabu wako na Dublin Core, iliyoanza mwaka 1995, yenye atributi 15: kichwa, mwandishi, tarehe, luga na mengine. Watu wa hewa na mvua wako na kanuni za CF, zilizotoka mara ya kwanza mwaka 2003. Watu wa nyama na mimea wako na Darwin Core, iliyokubaliwa kuwa kanuni mwaka 2009. Mutu yeyote anaweza kuzisoma bila kulipa.

Kanuni za CF zinasema kitu chenye watu wengi hawakisikii muzuri. Zinasema: unaweza kuongeza atributi zako mwenyewe ndani ya fishe, hautahesabiwa umevunja kanuni. Lakini programu yenye haijui ile atributi yako, itaipita tu. Itaipita kimya. Haitakuambia "sielewi". Haitakupigia simu. Ndiyo maana mutu anaweza kuandika "unit" pahali pa "units", herufi moja imekosekana, na fishe ikapokelewa, ikafunguka, ikaonyesha rangi nzuri kwenye ekra, wakati mashini haijui kama ile 14,2 ni milimeta, sentimeta ao digrii za joto. Kupokelewa si kueleweka. Sisi Wakongomani tunajua hiyo tofauti vizuri: ni mara ngapi barua yetu imepokelewa buro, ikapigwa kashe, na hakuna mwenye aliisoma?

Na si sisi tu tunakosea. Mwaka 1999, Wamarekani walipoteza chombo chao, Mars Climate Orbiter, kilipofika kwenye sayari ya Mars, kwa sababu upande moja ulikuwa unahesabu kwa vipimo vya Kiingereza na upande mwingine kwa vipimo vya metre. Namba zilikuwa ziko. Kosa lilikuwa kwenye lile neno dogo la pembeni ya namba.

Turudi kwetu. Lwiro iko karibu na digrii 2,24 kusini ya ikweta na digrii 28,8 mashariki. Kwa kanuni ya Darwin Core, kusini inaandikwa na alama ya kutoa mbele: -2,24. Sasa mutu anaandika 2,24 tu, kwa sababu kwetu kila mutu anajua tuko kusini. Mashini haijui. Itabeba Lwiro na kuitupa ngambo ya ikweta, kilometa karibu 500 kutoka hapa, ndani ya mapori ya upande wa Ituri. Na ubaya wa hii kosa ni kwamba haionekani: kule nako ni Kongo, kule nako kuko pori. Yule mwenye kukagua ataona "République démocratique du Congo", atasema sawa. Afadhali mwenye kugeuza zile namba mbili, kwani Lwiro yake itaanguka ndani ya jangwa la Algérie, na kila mutu atacheka na kusahihisha.

Tuangalie saa. Mupimaji wa mvua, mutu wa hapa, anaandika kwa daftari yake: "mvua kubwa, saa 9". Kwa Kiswahili chetu ni alasiri, wakati mawingu ya Kahuzi yanashuka. Ile daftari inaenda kwa kijana wa saisie, anaingiza 9. Mashini inasoma asubui. Fanya hivyo miaka kumi, na utakuwa na grafiki inayosema kwamba huku mvua inanyesha asubui. Hakuna mwenye alidanganya. Yule wa kwanza aliandika Kiswahili, yule wa pili aliandika Kifaransa, na kati yao hapakuwa hata kolone moja ya kusema ni saa za nani. Kanuni iko na jibu: andika 15:00, kisha ongeza +02:00, kwa sababu Bukavu si saa ya Kinshasa. Tarehe nayo vile vile: 03/04 kwetu ni mwezi wa ine, kwa Mumarekani ni mwezi wa tatu. Anza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, na ugomvi unaisha.

Majina ya pahali nayo ni kazi. Lwiro ilizaliwa na IRSAC, ile Institut ya utafiti ya wakati wa Wabelgiji, iliyoundwa mwaka 1947, na leo ni CRSN. Mutu mwenye kufungua etiketi za zamani za mimea na nyama za huku atakuta Costermansville, maana Bukavu iliitwa vile mpaka miaka ya 1950. Atakuta Congo belge. Kwa zile zilizofuata atakuta Zaïre, tangu 1971 mpaka 1997. Atakuta "Kivu" peke yake, kwa sababu mpaka mwaka 1988 Kivu ilikuwa province moja, na Maniema ilikuwa ndani. Sasa kijana wa leo, mwenye bidii, anataka kusafisha. Anafuta "Kivu", anaandika "Sud-Kivu". Lakini nani alimwambia? Labda ile nyama ilikamatwa Masisi. Labda Kindu. Kwa kusafisha, amebuni.

Darwin Core iliona ile shida mbele, na ikaweka atributi mbili tofauti. Moja ya jina lililonyooshwa, "locality", na ingine inaitwa "verbatimLocality", maana yake: andika sawa vile mwenyewe aliandika, hata kama alikosea. Usiguse. Hiyo ni heshima kwa mupimaji wa zamani. Kuko pia "vernacularName", ya jina lenye watu wa pahali wanaita kiumbe. Kwa hiyo mutu mwenye kuona ngagi anaweza kuandika ngagi, na pembeni, kwa "scientificName", aandike Gorilla beringei graueri. Na ajue kama fishe za zamani zinasema Gorilla gorilla graueri: ni ngagi yule yule wa Kahuzi-Biega, wenye elimu ndio walibadilisha jina. Mwenye kutafuta jina moja tu atahesabu nusu ya ngagi na kusema wengine walikufa.

Lakini mufano wenye unatuuma zaidi ni ule wa sifuri. Tuseme mupimaji wa mvua anaishi karibu na barabara. Siku moja risasi zinalia, anachukua watoto, anakimbia. Wiki tatu hakuna mwenye amesoma kile chombo. Anaporudi, daftari iko na kurasa nyeupe. Ile karatasi inafika kwa ordinatere, na mashini inaomba namba. Kijana anaweka 0. Basi, imeisha. Wiki tatu za vita zimekuwa wiki tatu za jua. Rudisha ile mara kumi, tangu 1996 mpaka leo, kwa vituo vingi, na utasikia siku moja mutu mukubwa anasema kwenye mukutano kwamba Kivu imekauka. Kumbe haikukauka. Ilikimbia.

Kanuni za CF ziko na atributi ya hiyo, "_FillValue": alama yenye kumwambia mashini "hapa hapakupimwa, usihesabu". Ile ni ya kanuni, inapashwa kuwekwa, hakuna maneno mengi. Lakini kanuni haitakuuliza kwa nini hapakupimwa. Ile "kwa nini" ni ya nyumbani. Ni sisi tunaijua. Chombo kiliibiwa, mupimaji alikimbia, mupimaji alikufa, mushahara haukufika miezi sita akaacha. Tukiiandika pembeni, kwa kolone yetu, ikiwa na jina letu, mwenye kusoma kisha miaka makumi mbili ataona kama ile sehemu nyeupe haikuwa uvivu.

Ndiyo sababu hatukubaliane na makundi mawili yenye tunasikia kila siku.

Kundi la kwanza liko hapa hapa kwetu. Linasema: zile kanuni ni za wazungu, sisi tuandike namna yetu, wenye kutaka watatufata. Tunaelewa ile hasira. Lakini tuwe wakweli: mwenye kuandika namna yake peke yake, anaongea peke yake. Hata sokoni, kila muji uko na kopo lake la kupimia maharagi, na mwenye kununua Mudaka akienda kuuzisha Kadutu anapashwa kwanza kujua kopo la kule ni kubwa ao ni dogo. Siku anataka kuuzisha mbali zaidi, atatafuta kilo. Kilo si ya mzungu, kilo ni ya kila mutu mwenye hataki kuibiwa. Kanuni nayo ni vile.

Kundi la pili mara nyingi linatoka mbali, na linaongea kwa upole. Linasema: tutumieni data, tutasafisha. Na kusafisha kwao ni kuchukua kila kolone yenye haimo ndani ya orodha na kuifuta. Ile kolone yenye kusema "shamba hili liligombaniwa". Ile yenye kusema "jina la mtoni kwa Mashi". Ile yenye kusema "mupimaji alikimbia". Fishe inabaki safi, nyeupe, na bubu. Hao nao wanakosea, tena kinyume cha kanuni zao wenyewe, maana tumeona kama kanuni inaruhusu atributi za nyumbani. Haikusema zifutwe. Ilisema tu mashini itazipita. Mutu si mashini.

Na kuko kosa la tatu, lenye tunaona ni baya kupita yote mawili: kuchukua jina la kanuni na kuweka ndani kitu kingine. Tuchukue mufano wa mpox. Mwaka 2024, hospitali ya Kavumu, ndani ya zone ya afya ya Miti-Murhesa, ilipokea wagonjwa wengi, watoto kwa wakubwa, na tarehe 14 mwezi wa 8 OMS ikatangaza hatari ya dunia yote. Ule muti wa virusi wenye wanaita clade Ib ulitambuliwa kwanza kwa vipimo vya Kamituga, humu humu Sud-Kivu. Vipimo vikienda laboratwari, na kisha ndani ya benki za dunia za genome, kila kimoja kinaombwa tarehe kilichukuliwa na pahali. Ile kolone ya pahali ilikuwa inaitwa "country", na mwaka 2024 wakaibadilisha, ikawa "geo_loc_name". Sasa tuseme mugonjwa anakaa Kalehe, aliambukizwa safarini, anatibiwa Kavumu. Moja anaandika pale anakaa, mwingine pale alitibiwa, mwingine pale anafikiri aliambukizwa. Wote watatu wanatumia kolone moja, jina moja, zuri, la kanuni. Mashini itawaamini wote watatu. Na kwenye karte, ugonjwa utaonekana umetoka pahali haukutoka, na watu wa pale watakimbiwa sokoni bure. Jina la kubuni linaeleweka na mutu moja tu. Jina la kanuni lenye limetumiwa vibaya linaeleweka na kila mutu, na kila mutu anapotea pamoja.

Kwa hiyo tunaomba nini? Si kitu cha feza nyingi.

Ya kwanza: kila fishe yenye inatoka hapa, ikiwa ya mwanafunzi wa ISDR, ya UOB, ya UCB, ya Lwiro ao ya shirika la nje, iseme juu kabisa inafuata kanuni gani na ya mwaka ao namba gani. CF yenyewe inaomba hivyo, kwa atributi inaitwa "Conventions". Kanuni zinabadilika, tumeona kwa "geo_loc_name", tumeona kwa jina la ngagi, tumeona hata kwa jina la mpox, lenye lilibadilishwa mwezi wa 11 mwaka 2022. Bila kusema ni kanuni ya lini, umesema nusu.

Ya pili: kolone za nyumbani zitengwe wazi. Zipewe alama mbele ya jina, yoyote, tuseme "kivu_", ili hata mutu asiyejua kitu aone palepale: hii ni ya dunia, hii ni ya kwetu. Na kwa kila ya kwetu, mustari moja wa kueleza maana yake, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili. Mustari moja tu. Mwenye hana nguvu ya kuandika mustari moja, asibuni kolone.

Ya tatu: mbele ya kubuni, tafuta kwanza. Mara nyingi kile kitu unataka kusema kiko tayari ndani ya orodha, kwa jina lingine. Kubuni jina lako kwa kitu chenye kiko na jina la kanuni ni kujificha bila sababu. Na kama jina la kanuni linafanana na kile unataka, lakini si kile kabisa, basi liache. Buni lako. Kufanana hakutoshe.

Ya ine, na hii tunaiweka kwa wenye kutoka mbali: kile mulikuta, kibaki. Mukisafisha, muachie hapa nakala yenye haijasafishwa, na kolone zake zote. Na mukirudisha matokeo, mutuonyeshe ni atributi gani mulitoa. Hatuombi zaidi.

Tunajua mutu atasema: watu wanakufa, barabara imeharibika, na nyinyi munaandika juu ya kolone? Tunamujibu kwa heshima. Ni kwa sababu watu wanakufa. Mugonjwa mwenye hakuandikwa muzuri hakuhesabiwa. Shamba lenye halina jina kwenye karte linaonekana pori tupu. Mvua yenye haikupimwa juu ya vita inageuka ukame wa mutu mwingine. Sisi hatuna ndege wala satelaiti, lakini hizi daftari ziko mikononi mwetu, na kalamu tunayo.

Kesho, mwenye kuandika "Miti" ndani ya kolone, aongeze tu neno moja pembeni: centre, groupement ao zone ya afya. Ni dakika moja. Kisha zile kolone zingine zitafuata.